Nta Haipakwi Juani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Kioo, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kila Jumamosi asubuhi, ukipita nje ya geti lake, ungeliona gari lake la buluu iliyokoza limejaa povu mpaka paani, na saa mbili baadaye ungeweza kujitazama mlangoni mwake ukachana nywele. Kabla ya kustaafu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata kuku. Maneno hayo aliyarudia mara nyingi mno, hata mkewe, fundi cherehani asiyependa makuu, alizoea kummalizia sentensi huku ana pini mdomoni.

Jambo ambalo Mzee Kioo hakumwambia mtu ni kwamba macho yake yalikuwa yanakufa.

Miezi minne nyuma alikwenda peke yake kwa daktari wa macho, akidhani anahitaji miwani tu. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimpima asubuhi nzima kisha akamweleza taratibu kwamba ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha. La kulia lilikuwa linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, ila kilichokwenda kimekwenda. Akamuuliza kama anaendesha gari. Mzee akajibu kwamba ni mara mojamoja.

"Basi acha, mzee wangu," daktari alimwambia. "Acha leo."

Mzee Kioo aliitikia kwa adabu, akachukua dawa yake, akatoka, akawasha gari akarudi nalo nyumbani. Mkewe alipouliza, alimjibu kuwa ni uzee, amepewa dawa ya kuosha vumbi la macho. Mkewe akamtazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Tangu siku hiyo aliishi roho mkononi. Alijiwekea masharti: mwisho dukani, mwisho sokoni, njia anazozijua kama kiganja chake. Hata hivyo, wiki mbili zilizopita mwendesha baiskeli alimtokea upande wa kushoto ghafla, kana kwamba ardhi imemtema. Alikanyaga breki mpaka goti likauma. Yule mtu alimtukana matusi ya nguoni, na Mzee Kioo, ambaye zamani angeshuka akamjibu neno kwa neno, aliketi kimya akiushika usukani kwa mikono miwili kama anayezama.

Jambo moja tu lilimpa moyo, nalo ni gari lenyewe. Watu waliendelea kulisifu. Jirani yao, mwanamke anayeendesha basi la shule, alimwambia juzijuzi kwamba hajaona gari la umri ule likimetameta hivyo, halina hata alama ya kidole. Mzee alijiambia kwamba mtu anayeweza kuona doa la nta kwenye ukingo wa mlango hawezi kuwa kipofu. Madaktari nao ni watu, hukosea.

Sasa Jumamosi hii haikuwa kama nyingine. Binti yao, kitinda mimba, alikuwa amejifungua kwa upasuaji Jumatano, mtoto wa kike, mjukuu wao wa kwanza. Mumewe alikuwa kikazi mbali na asingefika kabla ya mwisho wa mwezi. Kesho, Jumapili, angeruhusiwa kutoka hospitali, mwendo wa kilomita arobaini kwa barabara kuu ya malori. Na Mzee Kioo alikuwa amekwisha toa ahadi kwenye simu: atakuja kuwachukua mwenyewe. Nimebeba wagonjwa wa watu miaka ishirini na sita, alisema, nitashindwa kumbeba mjukuu wangu? Binti alicheka, akamwambia asikimbie, mshono bado mbichi.

Alianza mapema kuliko kawaida. Aliliweka gari katikati ya ua, akajaza ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia sifongo, maana mwenye ndoo moja huchota mchanga uleule na kuusugulia kwenye rangi. Akavua viatu. Akaanza juu kushuka chini: paa, vioo, boneti, milango, matairi mwisho. Mikono yake ilikwenda bila kuuliza. Lakini moyo ulikuwa kwingine, kwenye barabara ya kesho. Aliipitia kichwani kona kwa kona. Mzunguko wa kwanza. Daraja. Yale makutano ambapo pikipiki huchomoza kutoka kushoto. Kila alipofika hapo mkono wake ulisimama, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Mkewe alimletea chai, akasimama karibu naye kuliko kawaida.

"Tunaweza kumwomba jirani atupeleke," alisema. "Jumapili hana basi la shule."

"Kwani mimi nimekufa?"

Mkewe alichukua kikombe, ingawa chai ilikuwa bado nusu, akaingia ndani.

Mzee alikausha gari kwa kitambaa laini, akapaka polishi kipande kwa kipande kwa miduara midogo, kuondoa ile mikwaruzo myembamba kama nywele inayoonekana jua likimulika. Yeye hakuwa tena anaiona. Aliitafuta kwa ncha za vidole, kama mtu anayesoma maandishi ya vipofu, na wazo hilo lilipompitia alilifukuza kama nzi. Alipomaliza alilizunguka gari mara moja, akaridhika, akafungua kopo la nta.

Hapo akagusa boneti, akaikuta ina joto. Jua lilikuwa limepanda. Nta haipakwi juani. Ikipigwa na joto hukauka kabla hujaifuta, ikaganda na kuacha mabaka ambayo hata mwenye mikono ya chuma atayasugua mpaka achoke. Kulikuwa na kivuli cha kutosha nyuma ya ua, chini ya banda la mabati, mbele tu ya ukuta. Mita sita au saba za kurudi nyuma. Ua ulikuwa na mteremko kuelekea huko ili maji yatiririke mferejini. Jambo hilo alikuwa amelifanya mamia ya Jumamosi, na kila mara, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, kabla ya kuweka gia alipaza sauti: "Narudi nyuma!"

Siku hiyo hakupaza sauti. Alijua mkewe yuko jikoni.

Aliingia na miguu yake mitupu yenye sabuni, akawasha, akatazama kioo cha kushoto akaona kijivu, akatazama cha kulia akaona kipande cha ukuta. Akaweka gia ya nyuma. Gari likaanza kuteremka taratibu. Alikuwa anahesabu moyoni, kama alivyozoea siku hizi, moja, mbili, tatu, mpaka saba ndipo akanyage breki. Alipofika tano akasikia kishindo kwenye buti, kisha vingine viwili vya haraka, na sauti ambayo hakuitambua mara moja kuwa ni ya mtu.

Alikanyaga breki. Mguu uliteleza juu ya pedali, ukarudi, ukashika.

Mkewe akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya chini na ya upole, sauti ambayo Mzee Kioo aliifahamu vizuri kwa sababu ndiyo wagonjwa walioumia sana huitumia:

"Baba, usitoe mguu hapo. Goti langu liko ukutani. Bampa limelishika."

Kitu cha kwanza mwili wake ulichotaka kufanya ni kufungua mlango na kukimbia nyuma. Lakini akili ya zamani, ile iliyokaa mbele ya ving'ora miaka ishirini na sita, ilimkamata bega. Ukitoa mguu, gari litashuka. Ukishuka, utamwua mkeo kwa mkono wako. Aliivuta breki ya mkono mpaka meno ya mwisho. Hakuiamini, ilikuwa imelegea tangu mwaka jana, na kwenye mteremko ilikuwa na tabia ya kukubali kisha kughairi.

"Unaweza kuusogeza mguu?" aliuliza.

"Siwezi."

"Basi nalitoa mbele. Usijivute mpaka nikwambie."

Aliweka gia ya kwanza. Mguu wa kulia, wenye sabuni, ulikuwa bado juu ya breki. Aliupangusa kandokando kwa pindo la shati bila kuuondoa, akijikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Kisha akafumba macho. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini, ila macho hayakuwa na kazi pale. Aliiachia klachi kidogo kidogo, kwa upana wa ukucha, akisikiliza injini. Sauti ilishuka. Gari likatetemeka, pua ikainuka kidogo, na akajua kwamba sasa linavuta. Ndipo akahamisha mguu kutoka breki hadi mafuta, na kwa sekunde moja hakuna kilicholishikilia gari lile isipokuwa klachi na breki mbovu ya mkono. Halikurudi hata unywele. Akaiachia breki ya mkono.

Gari lilikwenda mbele hatua moja, mbili, nne. Alilizima, akaliacha kwenye gia, akatoka anakimbia akajikwaa kwenye ndoo aliyoiacha yeye mwenyewe.

Mkewe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, gauni limelowa. Goti lilikuwa limechubuka na tayari linavimba. Mzee alipiga magoti, akalipapasa mfupa kwa vidole vilevile vilivyokuwa vinatafuta mikwaruzo, juu, chini, pembeni, akamwomba akunje, akamwomba anyooshe. Halikuvunjika. Alipohakikisha hilo, akaketi kwenye maji ya sabuni kando yake.

Mkononi mwa mkewe mlikuwa na mswaki wa zamani.

"Ulikuwa unafanya nini huku?"

Mkewe aliutazama mswaki kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuweka pale. Kisha akamwambia. Kwenye kibati cha namba kulikuwa na polishi imekauka, na chini ya taa, na tope kipande kizima nyuma ya gurudumu la kushoto. Alitaka kuyaondoa kabla mumewe hajaanza nta. Siku nyingine hungoja Mzee aende kuoga ndipo atoke na mswaki na kitambaa, lakini leo, kwa jinsi Mzee alivyoling'ang'ania gari kwa ajili ya safari ya kesho, alijua hatapata nafasi. Injini ilipowaka alidhani mumewe analipasha moto tu. Gari lilipoanza kusogea angeweza kupiga kelele mapema, ila alisita, kwa sababu angepiga kelele angelazimika kueleza. Akainuka kimyakimya, akarudi kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, na alipotaka kujitoa pembeni akateleza.

"Siku nyingine zipi?" Mzee aliuliza, ingawa jibu lilikuwa limekwisha mfikia.

"Tangu mvua za mwanzo. Kila Jumamosi." Alivuta pumzi. "Najua huoni, baba. Umeanza kunimiminia chai mezani. Nilingoja uniambie mwenyewe."

Kwa hiyo kule kumetameta kulikosifiwa na jirani, ushahidi wake wote dhidi ya daktari, kulikuwa ni kazi ya mikono ya mkewe. Alitaka kumkasirikia, akatafuta hasira asiipate. Alimweleza yote: bomba, jicho la kushoto, daktari binti, baiskeli. Alisema pia kwamba alikusudia kesho kumpakia binti yao na mtoto wa siku nne kwenye gari hilo, kwenye barabara ya malori.

"Na mimi ningepanda," mkewe alisema polepole. "Hilo ndilo linalonitisha. Ningekaa nawe mbele nikikwambia kushoto kuna pikipiki."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na la kwake. Kisha Mzee akamshika kwapani, akamwinua, akampeleka ndani, akalikanda goti kwa maji baridi na kulifunga bandeji kwa ustadi wa mtu aliyeona mengi. Ufunguo wa gari aliuchukua mwenyewe, akavuka barabara akiwa bado peku, akabisha kwa dereva wa basi la shule. Hakuzunguka mbuyu. Alimwambia kwamba haoni, na kwamba anaomba awapeleke hospitali kesho. Jirani aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akauliza waondoke saa ngapi.

Jumapili mke alikaa mbele, mguu umenyooshwa. Mzee Kioo alikaa nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika gari lake mwenyewe, akaona kwamba kiti kina springi iliyochomoza. Jirani aliendesha vizuri, kwa kasi kidogo kuliko alivyopenda, naye alijing'ata ulimi mpaka walipovuka daraja, kisha akashindwa, akamwambia apunguze. Akapunguza.

Binti yao alitoka wodini akitembea kwa hatua fupi, mkono mmoja tumboni, wa pili umempakata mtoto. Aliliona gari, akamwona mwanamke mwingine kwenye usukani, akamgeukia baba yake.

"Baba, vipi tena? Si ulisema utaendesha wewe?"

Mkewe alifungua mdomo kumsaidia. Mzee akamgusa bega kumzuia.

"Macho yangu yamekwisha, mwanangu," alisema. "Nitakueleza njiani. Kwanza nipe huyo mtoto."

Akampa. Mzee Kioo alimleta karibu kabisa na jicho la kulia, akamtazama kipande kwa kipande: paji la uso, pua, midomo inayonyonya hewa. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.