Vokali Aliyoificha Josée

Masika Josée aliuza maharage kwa jumla kule Kamalondo, na watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, walioishi Lubumbashi walimjua kwa mambo mawili: mizani yake haikuiba, na yeye ndiye aliyesimamia grupe yao ya WhatsApp. Walikuwa mia mbili na zaidi humo ndani. Kabla ya vita walitumiana picha za harusi, habari za malori yaliyokwama, na matusi madogo madogo. Josée alikuwa na maoni yake na hakuyaficha.

"Facebook ni barabara," alikuwa akisema huku akipima. "Kila muntu anapita, hata mwizi. TikTok ni sinema. WhatsApp njo parcelle yetu, kiwanja chetu cha nyumba. Iko na mulango, na ufunguo niko nao miye."

Mumewe Godefroid, mzaliwa wa hapa hapa, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alimcheka. "Parcelle gani ya bantu mia mbili?"

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma, mji wa Kivu, ikaanguka mikononi mwa waasi. Simu za kule hazikupatikana, na grupe ikajaa majina ya ndugu wasiojulikana walipo. Mtu mmoja akatuma picha ya maiti kando ya barabara, akasema ni Edouard, seremala wa mtaa wa Himbi, Goma. Mama yake Edouard aliishi mtaa wa pili kutoka dukani kwa Josée. Alilia siku mbili. Turubai la matanga lilikuwa limekwisha kufungwa na watu wameketi, ndipo Edouard mwenyewe akapiga simu kutoka Minova, mzima, akiuliza kwa nini mama hapokei. Yule mama alikuwa amekwisha kuanguka, upande mmoja wa mwili umelegea, na mdomo wake haukunyooka tena.

Josée akaandika sheria kwa herufi kubwa: hakuna kutangaza kifo mpaka apatikane mtu aliyeona kwa macho yake, aseme jina lake. Wote walimshukuru.

Wiki moja baadaye, asubuhi, akiwa peke yake dukani, vokali, ujumbe wa sauti, ikaingia kwenye simu yake kutoka namba asiyoijua. Sauti ya mwanamume, taratibu, kama mtu anayesoma. Alisema anaitwa Kambale, jirani wa mama yake Paluku kule Ndosho, Goma. Paluku alitoka kutafuta maji, risasi ikamkuta. Walimzika pamoja na wengine. Namba ya Josée aliipata kwenye karatasi mfukoni mwa marehemu.

Paluku alikuwa dereva wa lori, mtu wa utani mwingi. Alipanda ndege Luano mwanzoni mwa Januari kwenda kumchukua mama yake. Mke wake, Espérance, alibaki Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, na mtoto wa miezi sita.

Josée alipiga ile namba. Haikupatikana. Akajiambia kwamba sheria ni sheria, akamkumbuka mama yake Edouard, akanyamaza. Siku ya nne Kambale akapokea, akarudia kila neno, akataja shati la kijani na kovu la kidevuni. Kuanzia hapo haikuwa sheria tena. Ilikuwa woga, na Josée alijua.

Espérance alipita dukani karibu kila siku mbili. "Yaya, iko na habari?" aliuliza, akimwita kama dada yake mkubwa. Josée alitikisa kichwa, akampa maharage ya bure. Espérance akamwonyesha simu: vokali alizomtumia mumewe, zimepangana, kila moja na alama moja ya kijivu, maana haijafika. "Ikishika réseau atasikia zote mara moja," alisema. "Nilimwambia mutoto anaota meno."

Josée akaanza kumsikia Kambale ndani ya mambo mengine: katika kelele za maharage yakimwagwa, katika mahubiri, katika pumzi za Godefroid. Alizima simu, sauti ikabaki.

Wiki ya tatu Espérance alikuja akikimbia, mtoto mgongoni, uso unang'aa. Alama zimekuwa mbili, tena za buluu. "Amesikiliza, yaya. Zote."

Josée alifunga mlango wa duka. Akamketisha juu ya gunia, akaweka simu yake mwenyewe magotini mwa Espérance, akabonyeza vokali ya Kambale.

Espérance alisikiliza mara tatu. Hakulia. "Uko nayo tangu siku gani?"

"Wiki tatu."

"Miye nilikuwa namusemesha. Na weye ulikuwa unaniangalia."

Alitoka bila kufunga kitenge vizuri. Jioni ile alipiga namba ya mumewe, na mwanamke akapokea. Alikuwa ameinunua simu ile sokoni, laini ikiwa bado ndani. Alizisikiliza vokali kwa sababu hakujua kuzifuta, alisema, kisha akauliza kwa upole kama mtoto ameota meno.

Matanga yalifanyika Kasungami. Josée alikwenda kusonga bukari, ugali wa matanga, na wanawake wengine. Espérance hakumfukuza, hakumtazama. Ndani ya grupe watu waligawanyika. Wengine walisema alimlinda mjane, wengine walisema hakuna mtu aliyempa haki ya kuchagua siku ya machozi ya mwenzake. Josée hakujitetea. Alimkabidhi usimamizi Rodrigue, mwuza vipuri, akabaki msomaji tu. Vokali za namba ngeni Godefroid huzisikiliza kwanza, nje uani.

Mwezi wa tano Espérance alirudi, amekonda. Hakuketi.

"Nitumie ile ya Kambale," alisema. "Mutoto atauliza siku moja. Sitaki asikie kwa bantu."

Josée aliitafuta, akaituma. Simu ya Espérance ikalia mkononi mwake. Hakuifungua. Aliitia kwenye mkoba.

"Espérance, nisamehe."

"Nitaona, yaya," alijibu. "Leo nipimie kilo mbili."

Josée akapima.