Nilimnunulia Ndugu Yangu Asiyeona Laptopu Niliyoipenda Mimi

Nimekosa, jamani, na kosa lenyewe nililifanya mchana kweupe, dukani, watu wakinitazama. Sikulazimishwa na mtu. Niliambiwa, nikakataa kusikia.

Jina langu sitalitaja. Kwetu ni Hewani, kando ya Mto Tana, lakini kazi imeniweka Garsen mjini, ofisini. Nyumbani mimi ndiye niliyesoma nikapata kazi ya kukaa kwenye kiti, basi neno langu ndilo la mwisho. Nikisema, hata Mama anaitikia. Huo ndio ugonjwa wangu!

Nina ndugu mmoja, mdogo wangu, nitamwita Maro. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Akapelekwa shule ya wasioona, akarudi anachapa kompyuta kuliko mimi mara nyingi, vidole vinakimbia utadhani mvua juu ya bati. Alikuwa na laptopu kuukuu aliyoachiwa na mwalimu wake, nene, nzito, pembe moja imeshikiliwa na selotepu. Ndani yake mlikuwa na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Sauti yenyewe ni ya Kizungu. Ikijaribu kusoma Kipokomo, lugha yetu, Mama alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Huyu mzungu wako leo amekula nini?"

Kwa mashine hiyo Maro alipata kazi. Watu wa redio moja huku Pwani walikuwa wakirekodi wazee wetu, kuanzia Ndera, kule juu ya mto, mpaka huku chini, wakisimulia habari za mafuriko na mashamba. Maro alikuwa akisikiliza sauti zile, anachapa kila neno, anawatumia. Alipolipwa mara ya kwanza alimpa Mama hela ya sukari, yeye mwenyewe, kwa mkono wake! Mama aliifunga ile noti kwenye pindo la leso, hakuinunulia kitu.

Kisha laptopu kuukuu ikaanza kuzima ovyo. Mama akauza maembe ya msimu, nami nikaongeza hela ya mshahara. Tukaenda Malindi, mimi na Maro, kununua mpya.

Nisikilizeni vizuri hapa.

Dukani, Maro aliomba ashikishwe laptopu moja moja. Akafika kwenye moja nene, iliyotumika lakini nzima. Akaipapasa kila upande, akatabasamu. "Dada, hii. Ina matundu ya flashi mawili. Vitufe vyake vimeinuka. Na kama ile yangu ya zamani, hata fundi wa Garsen anaweza kuifungua."

Mimi nilikuwa nimeshaona nyingine! Imekaa peke yake kwenye kioo, nyembamba kama daftari, rangi ya fedha, unaibeba kwa vidole viwili. Mwenzangu ofisini anayo kama hiyo, akiitoa kwenye mkoba kila mtu anageuka. Nikamwazia ndugu yangu nayo. Uongo! Nilijiwazia mimi, watu wakisema, mwoneni alivyomnunulia nduguye.

Muuzaji alinisoma mara moja. "Siz, hii ndiyo mashine. Haina hata feni, haipigi kelele, nyepesi kama karatasi."

Maro akaipapasa. Uso wake ukabadilika.

"Vitufe viko bapa, Dada. Kale kanundu ka kwenye F na J, kanakoniambia vidole vikae wapi, sikasikii vizuri. Na flashi nitachomeka wapi?"

"Inatumia adapta," akasema muuzaji, akinitazama mimi, si yeye. "Kwa sasa zimeisha."

"Nitakununulia adapta," nikasema.

"Na ikiharibika? Waranti yake ni ya wapi?"

"Brathe, hii haiharibiki," muuzaji akacheka.

"Sikuuliza kama inaharibika," Maro akasema kwa upole. "Nimeuliza ikiharibika tunaipeleka wapi." Akanigeukia. "Dada, tuchukue ile nene."

Nikaona aibu. Watu walikuwa wakitusikiliza. Ndipo nikatamka neno ambalo ningelipa chochote nilimeze tena. Nilisema, "Maro, wewe huoni. Mwachie anayeona achague."

Hata yule muuzaji aliinamisha kichwa.

Maro akasema, "Haya, Dada."

Miezi ya kwanza nilijiona mshindi. Kila nikienda nyumbani namwambia aitoe wageni waione. Alijitahidi kuizoea. Makosa ya kuchapa yaliongezeka, lakini hakulalamika. Mara mbili aliniuliza juu ya adapta ili aweke nakala ya kazi zake kwenye flashi. Mara zote mbili nikasema, "Kesho." Nilisahau! Kitu cha kutosha kwenye kiganja, nikasahau!

Likaja joto lile mnalolijua nyinyi wa huku, la kumfanya mbuzi atafute kivuli cha nguzo. Mashine isiyo na feni ikawa pasi ya makaa. Sauti ikaanza kukwama katikati ya neno. Siku moja Maro akanipigia simu kazini.

"Dada, imevimba. Hapa chini ya vitufe, nikipitisha kiganja, pameinuka kama tumbo."

"Ni joto tu," nikamjibu. "Nitaiona nikija."

Nilipofika, ilikuwa imeshazima. Kifuniko hakifungi, betri imevimba kama andazi. Nikaibeba mpaka kwa fundi wa Garsen. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaniambia kwa huruma kwamba betri imegandishwa kwa gundi, memori imechomelewa kwenye bodi, na kipuri cha aina ile hajapata kukiona. "Sista, nikiigusa nitakuharibia zaidi. Wapigie wenyewe wa kampuni."

Nikawapigia wenyewe. Muziki, muziki, kisha msichana mwenye sauti ya asali.

"Madam, tafadhali ilete kwenye kituo chetu cha huduma."

"Kiko wapi?"

"Nairobi."

"Mimi niko Garsen."

"Garsen ni upande gani wa Nairobi?"

Nilicheka, wallahi, nilicheka kama mwendawazimu. Huku mto umefurika, barabara imekatwa na maji, mabasi yamelala ng'ambo. Huko watu wa redio wanamwuliza Maro kazi iko wapi. Na mimi, mwenye neno la mwisho, sina neno!

Maji yalipopungua niliituma kwa basi. Nikapiga simu mpaka msichana yule akaijua sauti yangu. Jibu lilipokuja, lilikuwa hivi: mashine hii ilitengenezwa kuuzwa nchi nyingine, waranti yake haifiki Kenya. Wanaweza kubadilisha bodi nzima kwa bei inayokaribia ya mashine mpya, lakini kila kilichokuwamo kitapotea.

Nikampigia muuzaji wa Malindi. "Siz, hilo ni la kampuni." Kampuni nao wakasema, "Madam, hilo ni la aliyekuuzia." Mwisho muuzaji akaacha kushika simu zangu. Wale wa kampuni walikuwa wakishika kila mara, kwa adabu, na hawakunisaidia kitu.

Redio wakampa kazi mtu mwingine. Siwalaumu, walingoja sana.

Nilikwenda Hewani kumwambia Maro. Nilimkuta kibarazani, Mama anapepeta mchele pembeni. Nikajaribu kumtuliza. "Zile sauti si wanazo wenyewe redioni? Hakuna kilichopotea kabisa. Utachapa tena siku moja."

"Sauti za wazee wanazo," akasema. "Zangu hawana."

"Zako zipi?"

Mama ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye ungo. "Ndugu yako alikuwa akitunga hadithi. Kila jioni akimaliza kazi ananisomea. Alitaka amalize zote kwanza, ndipo awapelekee wale wa redio. Alitaka wewe uzisikie huko kwenye redio, ushtuke."

Mungu wangu! Mwaka mzima wa kichwa chake, mwanzo wake aliuandika kwenye ile laptopu kuukuu, kisha fundi akauhamishia kwenye ile yangu nzuri, na ile kuukuu ikafa kabisa. Ndizo zile alizokuwa akiniombea adapta!

Nikamwambia azichape upya, nitamtafutia mashine. Akatikisa kichwa. "Nimejaribu kumsimulia Mama. Habari ninazikumbuka. Maneno hayarudi."

Nililia pale kibarazani bila haya. Maro akanyoosha mkono, akanitafuta bega, akanishika. Yeye ndiye aliyenibembeleza! Nikamwomba msamaha kwa lile neno la dukani. "Nilishakusamehe, Dada," akasema.

Sasa hivi anafukuza ndege kwenye shamba letu la mpunga. Wamemfungia kamba zenye makopo, anakaa katikati, akisikia mbawa upande huu anavuta, upande ule anavuta. Jirani wanasema hakuna anayemshinda. Nikisikia sifa hiyo nageuza uso.

Juzi nilimwambia naweka akiba nimnunulie laptopu nyingine. Akasema, "Haya." Sikusikia swali lolote. Hakuuliza ni ya aina gani, ina matundu mangapi, wala ikiharibika inapelekwa wapi. Zamani angeniuliza mpaka nikasirike. Natamani aniulize, jamani! Nifanyeje ili aniulize?

Basi nyinyi mnaosoma, hasa nyinyi mnaosikilizwa kwenye nyumba zenu, nawasihi. Msinunue kitu kwa wembamba wake wala kwa kung'aa kwake. Ulizeni kwanza nani atakifungua kikifa, na yuko umbali gani na mlango wenu. Ulizeni waranti ni ya nchi gani, mwonyeshwe kwa maandishi, si kwa kicheko cha muuzaji. Kazi isiyo na nakala mahali pengine, ihesabuni imeshapotea.

Na ukimnunulia mtu chombo cha kazi, mwache akishike yeye. Akisema hiki sikitaki, kirudishe kwenye kioo, hata kama moyo wako umekipenda.

Mimi nimesamehewa, tena papo hapo, bila sharti. Ile laptopu, waliyonirudishia kwa basi, iko juu ya kabati langu hapa Garsen, nyembamba, inang'aa, na haiwaki.