Mchele wa Harusi kutoka Luberizi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili, baba mdogo alisimama katikati ya kikao akasema upande wa mume umetudharau. Kikao kilikuwa cha kamati ya ndoa ya dada yangu, nyumbani kwetu Cimpunda, mtaa wa Bukavu. Zilibaki wiki mbili. Mchele wa karamu, magunia matano, ulikuwa ahadi ya baba wa bwana harusi, mkulima wa Luberizi, kule chini bondeni, na ulipaswa kufika tangu Alhamisi.

Bukavu ya mwaka ule wa 1996 ilipimana kwa harusi. Kila Jumamosi magari yalipanda na kushuka barabara kuu yakipiga honi, maharusi wakapigwa picha kando ya ziwa, na Jumatatu watu waliulizana sokoni Kadutu kama chakula kilitosha. Mishahara ya serikali haikuwa ikifika, wakimbizi walijaa kandokando ya mji, lakini kamati zilikutana. Tulisikia pia kuna mapigano milimani, juu ya Uvira, upande ule ule wa Luberizi. Tulisikia mengi. Tulichokiona kwa macho ni kwamba mchele haujafika.

Bwana harusi, mwalimu wa shule ya msingi, alijitetea kwa adabu.

"Papa, muchele itafika. Barabara ndio iko mubaya."

"Kila mwaka barabara iko mubaya!" baba mdogo akajibu. "Lakini ile ya kuuzisha inafikaka. Ya bakwe tu ndio inakwama?"

Watu wakacheka. Shangazi akaongeza: "Pengine baba yako anataka tukule fufu na maji. Ile itakuwa ndoa ama kilio?"

Baba mdogo akatangaza faini: mbuzi mmoja na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Faini kama hizi ni kawaida kwetu. Upande wa mke hutoza, upande wa mume hubembeleza, mwishowe wote hunywa pamoja. Ni mchezo, ila una sharti lake: anayetozwa lazima aonyeshe kwamba neno limemwingia. Bwana harusi alionyesha. Aliinuka akasema, "Basi kesho nitashuka miye mwenyewe, nilete ile muchele."

Bibi harusi hahudhurii kikao, lakini dada yangu alitoka chumba cha nyuma.

"Usiende," akamwambia mbele ya wote. "Tutauza hata viazi, tununue muchele hapa."

"We!" shangazi akamsukuma ndani. "Hata hujaolewa, unaanza kumutawala?"

Tukacheka tena.

Bwana harusi aliondoka Jumatatu asubuhi, juu ya lori la mafuta ya mawese. Kabla wiki haijaisha, watu wa bondeni walianza kupanda kwa miguu, magodoro kichwani. Dada alisimama barabarani akawauliza mmoja mmoja kama wamemwona. Mwanamke mmoja alisema Luberizi hakukubaki mtu. Mwingine alidhani amemwona kijana kama huyo njiani, pale Kamanyola, amevaa shati jeupe. Hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka, na alitaka kumpa kitu.

Kisha vita vikatufikia na sisi, tukakimbilia Katana, kaskazini mwa mji. Tuliporudi, nyumba haikuwa na milango.

Miezi kadhaa baadaye baba wa bwana harusi alikuja, amekonda, peke yake. Mwanawe hakuwa amefika kwake. Hakujua hata kwamba alikuwa njiani; siku ile kijana aliposhuka, yeye na mke wake walikuwa tayari wamejificha. Alikunywa maji tuliyompa, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Munisamehe juu ya muchele," alisema.

Baba mdogo alitoka nje, hakurudi mpaka mzee alipoondoka.

Wiki hiyo hiyo akaja jirani yetu, mama aliyekuwa mtunza hazina wa kamati. Alikuwa amefunga michango ya harusi kiunoni, ndani ya kitenge, kwenda Katana na kurudi. Aliiweka mbele ya dada yangu, akaomba ahesabu. Dada hakuigusa. Nilihesabu mimi. Haikupungua hata noti moja: dola mia moja themanini na sita.