Gundi Nyeusi ya Wendell

Mume wangu, Wendell Vroman, alikuwa na wivu, lakini si juu yangu. Wivu wake ulikuwa juu ya kichujio chake: kifaa kidogo alichokibuni ndani ya kinanda cha umeme, kile kinachoipa sauti unene na utamu.

Miaka ile ya sabini, hapa kwetu Cortland, kila fundi wa vinanda alikuwa anamchungulia mwenzake. Wendell hakukichora kichujio chake popote. Akimaliza kukilehemu anakimiminia gundi nyeusi, inaganda kama jiwe, na jikoni kwangu kunanuka wiki nzima.

Orrin Pulver, rafiki yake aliyezoea kula pai mezani petu, alinunua kinanda kimoja, akailoweka ile gundi kwenye dawa mpaka ikalainika, akaikwangua kwa sindano, akanakili kila kilichokuwa ndani. Mwaka uliofuata vinanda vyake vikajaa madukani kwa bei ya chini, naye anajiita mvumbuzi. Karakana yetu ya vinanda ikafa. Nilimchukia, na mimi sijui kuchukia nusunusu.

Uzeeni Wendell akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu majina ya watoto. Kinanda kimoja tu kilikuwa kimebaki nyumbani, na kichujio chake kikaungua humo humo ndani ya gundi. Wendell anabonyeza, kinanda kimya, naye analia. Nani akitengeneze? Mwenyewe hakumbuki, na hakuna mwingine aliyewahi kukiona ndani, isipokuwa mwizi.

Nikameza hasira, nikampigia simu. Akaja na theluji mabegani, mzee naye.

"Shemeji, nilidhani utanipokea na bunduki."

"Bunduki ipo. Tengeneza kwanza."

Akalehemu kichujio kipya bila kuuliza kitu. Alikuwa nacho chote kichwani. Roho iliniuma kumtazama.

"Sitaki samahani yako," nikamwambia. "Nataka umwambie kwa mdomo wako kwamba hiki ni cha kwake. Basi."

Kinanda kikalia. Wendell akafumba macho, akatabasamu kama zamani, kisha akamgeukia Orrin.

"Umekitengeneza wewe? Aisee, una mkono wa ufundi, bwana!"

Orrin akatikisa kichwa. "Ni chako, Wendell. Ulikibuni wewe. Mimi nilikuibia."

Wendell akacheka, akampigapiga begani.

"Acha utani wako. Kitu kizuri hivi, ningekuwa nimekitengeneza mimi, ningekisahau?"