Mgeni Haliwi

Baba alipooa tena, mke wake alihamia kwetu na sanduku moja, pasi mbili, na tabia ya kukunja kila nguo aliyoikuta imelala. Alikuwa dobi. Mdomoni nilimwita mama mdogo, kama kaka yangu. Moyoni nilimwita Dobi tu, na sikuona kosa.

Jumapili mchana, sisi hucheza gololi. Baba ni seremala, na ubao aliuchonga mwenyewe mwaka niliozaliwa, vishimo vikizunguka pande zote nne. Kila mchezaji ana gololi nne. Dadu ikikupa sita, unatoa moja na kutupa tena. Unazunguka ubao mzima mpaka uzifikishe zote kwenye vishimo vyako vya mwisho. Ukimkuta mwenzako njiani, unamla, na gololi yake inaanza upya. Pole hakuna.

Za kijani zilikuwa za marehemu Mama. Tangu msiba hakuna aliyezigusa, mpaka Baba alipompa Dobi bila kutuuliza. Nilimeza. Kumeza nilikuwa nimeshazoea.

Alijifunza polepole. Alihesabu kwa kidole, kishimo kwa kishimo, na kidole chenyewe akikilamba kwanza kama anayepima moto wa pasi. Baba alikohoa. Kwetu watu huhesabu kwa macho, na anayetumia kidole hukoholewa. Baada ya wiki tatu kidole kilitulia, ingawa midomo iliendelea kucheza.

Ila hatukumla hata mara moja. Mama alituachia neno: mgeni haliwi. Basi dadu yangu ikiniangusha juu yake, nilisogeza gololi nyingine. Kaka naye vivyo hivyo. Dobi akawa anashinda kila Jumapili, huku akitutazama kama mtu aliyerudishiwa shati bila kuambiwa lina doa wapi.

"Hongera, mama mdogo," nilikuwa namwambia, kwa adabu isiyo na joto hata kidogo.

Jumapili moja tukaukuta ubao mezani, umegeuzwa chini juu.

"Nilikuwa naupangusa," alisema, "nikakuta maandishi. Hebu nisomee, binti, macho yangu ya karibu hayana kazi."

Ulikuwa mwandiko wa Mama, kwa penseli nene ya Baba. Nikasoma: "Aliyegusa gololi ameicheza. Baba asibebwe hata akinuna." Kaka akacheka. "Mgeni haliwi..."

"Malizia," alisema Dobi.

"Mgeni haliwi mchezo wa kwanza. Akirudi mara ya pili, mleni."

Dobi akaugeuza ubao, akapanga gololi. "Nina miezi kumi na moja humu ndani," alisema taratibu. "Huu mchezo wangu ni wa ngapi?"

Kaka alitazama dari. Baba alianza kubandua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. Mimi niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mama aliweka sheria ile ili mtu ajisikie amekaribishwa, nami niliitumia kumbakiza Dobi mlangoni, na hata nusu yake nilikuwa nimeisahau kwa makusudi.

Tukacheza. Gololi yake ya mwisho ilikuwa imebakiza vishimo viwili tu amalize, na mimi nilikuwa nyuma yake. Nikatupa dadu, ikaja nne. Nikahesabu kwa macho, nikarudia. Nilikuwa na gololi nyingine ya kusogeza, na wote pale walijua.

Nikaishika ile ya kijani. Tangu tumzike Mama sikuwahi kuigusa. Nikairudisha mwanzo.

"Nimekula," nikasema.

Dobi aliitazama gololi, akanitazama mimi. "Wewe mtoto una roho mbaya!" akasema, kisha akacheka mpaka akalazimika kutafuta kitambaa cha kufutia macho. Baba naye alicheka, akijifanya anachekea kitu kingine.

Dobi akatupa dadu. Sita. Akatoa gololi, akatupa tena, ikaja tatu. Ile gololi yangu nyingine ilikuwa imesimama mbele kidogo ya kishimo anachoanzia, na sikuwa nimeiona hatari.

Akalamba kidole, akahesabu: kimoja, viwili, vitatu. Akanila bila huruma.

Hakuna aliyekohoa.