Nusu Dola za Elwood Zerbe Zilizong'arishwa

Joto la tanuri linampiga usoni Elwood Zerbe, naye hageuzi kichwa. Mbele yake vinapita vijimkate vikavu vilivyosokotwa kama fundo, vyenye chembe za chumvi mgongoni. Kilichoungua anakitupa pipani. Kazi hii ameifanya tangu ujana, katika kiwanda kile kile cha mjini Reading, Pennsylvania, na sasa ana miaka sitini na mitatu.

Mapumziko yakifika, wenzake hutoka nje kuvuta sigara. Elwood hubaki kwenye benchi, akatoa lenzi mfukoni na sarafu moja ya fedha.

"Tazama hapa shingoni," anasema, akimwelekeza mwandishi wa habari hii kwenye sura ya mwanamke. "Huo mstari ni ufa. Muhuri wa chuma uliotumika kupiga sarafu hii ulikuwa umeanza kupasuka. Wapiga sarafu walikuwa maskini wa chuma, wakaendelea kuutumia hivyo hivyo."

Sarafu hiyo ni nusu dola ya mwaka 1812. Zama hizo mihuri ilimaliziwa kwa mkono, nyota na herufi zikagongwa moja moja, kwa hiyo hapakuwa na mihuri miwili iliyolingana kabisa. Kuna watu wanaokusanya sarafu kwa tofauti hizo: nyota iliyopinda, herufi iliyogongwa mara mbili, ufa. Elwood ni mmoja wao. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Hakuoa, hakusafiri, na gari lake lina kutu hadi milangoni.

"Wengine walinunua boti," anasema. "Mimi nilinunua nyufa."

Majira ya baridi ya mwaka juzi moyo wake ulimsumbua, akapasuliwa. Nyumbani alibaki dada yake, Arlene, mjane aliyekuwa mpishi wa shule, ambaye alihamia kwake baada ya kufiwa na mumewe. Arlene hakuwa na la kufanya ila kungoja simu ya hospitali. Akafagia, akafua mapazia, kisha akafungua kabati la sarafu, lenye droo nyembamba, ambalo kaka yake alikuwa hapendi liguswe.

"Zilikuwa nyeusi kama masufuria ya shuleni," anasimulia Arlene, mikono mapajani. "Nikasema, maskini, hana mtu wa kumsaidia. Nikachukua magadi na kitambaa. Kila niliyoisugua nilimwombea: Mungu, usimchukue."

Siku Elwood aliporudi, alimkuta amepika kuku kwa tambi pana, kama alivyokuwa akipika mama yao. Sarafu zote zilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, zinameremeta.

"Umezifanya nini?" aliuliza.

"Nimekusafishia. Sasa si zinaonekana?"

Ule weusi ulikuwa wa miaka mia mbili, na ndio wakusanyaji wanaoulipia. Ukishasuguliwa haurudi, na kitambaa huacha mikwaruzo isiyofutika. Elwood alikaa kitini akiwa bado na koti. Kisha akasema, "Afadhali ningefia huko huko."

Chakula kile hakikuliwa.

Alizipeleka kwenye chama cha wakusanyaji, ambacho hukutana katika ukumbi wa zimamoto. Lamar Boyer, mchuuzi wa sarafu anayemfahamu tangu zamani, aliitazama ya kwanza, ya pili, akaweka lenzi chini.

"Zimeoshwa, Elwood."

"Najua zimeoshwa. Ni dada yangu."

"Nitakupa bei ya fedha ya kuyeyusha. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Nyuma yake mtu mmoja akasema, "Mwambie dada yako aje na kwetu, tuna vijiko." Watu wakacheka. Elwood alizifunga sarafu zake, na hajakanyaga ukumbi huo tena.

Lakini kukusanya hakuacha. Sasa hununua zile zisizotakiwa na mtu: zilizokwanguliwa, zilizopindwa, zilizotobolewa ili zivaliwe shingoni. Muhuri uliozipiga bado unatambulika. Ya 1812 aliyo nayo kiwandani aliinunua hivyo, ina jina la mtu limechongwa nyuma kwa kisu.

"Hizi zimekwisha kuharibiwa," anasema. "Hakuna atakayenitendea kitu tena."

Nyumbani, kaka na dada hula meza moja. Huambizana kuhusu theluji mlangoni na bili ya mafuta ya kupasha nyumba joto. Arlene hataki zaidi ya jambo moja.

"Nimemwomba msamaha mpaka nimechoka. Sasa nangoja na yeye aombe. Mtu nimemlilia asife, ananiambia afadhali angekufa, kisa sarafu. Ayarudishe maneno yake, basi."

Elwood akielezwa hayo, anaifuta lenzi kwa ncha ya shati.

"Anasema kweli. Nitamwambia," anasema. "Ila kwanza nikamilishe sarafu za mihuri yote ya mwaka 1812. Imebaki moja tu. Kuna mama mmoja Ohio anayo, ina tundu. Theluji ikiyeyuka nitaendesha nikaichukue, nikirudi nitakaa na Arlene tuyamalize."

Alimwandikia mama huyo kabla ya Krismasi. Hadi tunakwenda mitamboni, mama huyo hajajibu, na Arlene amelazwa kwa homa ya mapafu.