Vidonge vya Mdogo Wangu Nilivitupa Chooni

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nichekeni, nitukaneni, ila nisikilizeni kwanza.

Miaka ya tisini nilikuwa balozi wa nyumba kumi huku Kibaoni, Ifakara. Wakaja wataalamu wa matende na mabusha. Walikuwa na kipimo kipya cha kadi, tone la kidoleni mchana, wakitaka kukilinganisha na cha zamani: damu ya mkononi usiku, maana vijidudu vya minyoo iletayo ugonjwa huo hutembea watu wakilala. Nani alipita nyumba kwa nyumba kuhimiza? Mimi! "Sindano kitu gani, jamani? Mwanamume unaogopa sindano?"

Kumbe mwanamume mwenyewe naiogopa kuliko kiboko wa mtoni! Kidole nilitoa, macho nimefumba. Usiku nikamlaza kitandani kwangu mdogo wangu Zakayo, aliyekuja kutoka Chita kunisalimia. "Wakiita jina langu, itika." Waliokuja usiku hawakuwa wale wa mchana, na taa yenyewe ya chemli. Mimi nilijibanza nyuma ya banda la kuku. Balozi mzima!

Baada ya siku chache wakaniita. Kadi inasema sina kitu, damu ya usiku kwenye darubini inasema nimejaa. Dada wa maabara akaigeuza kadi huku na huku.

"Mzee, hii haijawahi kututokea. Una hakika ulipimwa mara zote mbili?"

"Mwanangu, mimi ndiye balozi."

Wakailaumu kadi ya watu, wakanipa vidonge.

Nilijua damu ile ni ya nani. Lakini niseme nini? Mke wangu angenitangaza mpaka kilabuni! Vidonge nikavitumbukiza chooni, si kadi imesema mimi mzima? Zakayo akarudi Chita na minyoo yake, hana habari. Mjinga mimi!

Miaka ikapita. Siku moja akashuka kwenye treni anaburuta mguu wa kushoto, umevimba hata ndala haiingii.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Hivi wale watu wa damu, walisemaje?"

"Walisema mzima."

"Afadhali," akasema. "Basi huu mguu nimerogwa."

Ndugu zangu, damu yako itoe mwenyewe. Na ukishakosa, sema siku ileile, kabla mdomo haujawa mzito. Mimi nimeshindwa, ndiyo maana naandika. Jina la mdogo wangu nimelibadilisha. Ila mguu, akisoma hapa, atautambua.